Mtani Aliyelala Mlangoni

Mwaka wangu wa kwanza chuoni, pale Tumbi, nilihudhuria ushirika wa wanafunzi Wakristo kila Alhamisi jioni, na sikuwa na mtu. Wengi walikuwa wa kaskazini, au walizaliwa Visiga na wazazi waliohamia kutoka huko. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na Wazaramo wengi ni Waislamu. Nyumbani tumekuwa Walutheri tangu enzi za babu yake mama, lakini kila alipojiunga mtu mpya nilieleza upya.

"Mzaramo na Bwana Yesu mlikutana wapi?" aliniuliza mwenyekiti wetu, kijana wa Moshi, akicheka bila ubaya.

"Nyumbani."

Akaniombea niimarike katika imani mpya. Nikaitikia amina.

Mwaka wa pili mama akafariki. Nilipigiwa simu asubuhi. Nikafua sare, nikaianika, nikawaandikia wapendwa wa ushirika kwenye kundi la simu, ndipo nikaenda Kisarawe. Sikulia. Niliona kila kitu vizuri, kama kilichooshwa: turubai, masufuria ya kuazima, ndala zilizopangwa barazani.

Mjomba, kaka yake mama, aliniuliza jambo moja.

"Huko chuoni una watu?"

"Wapo."

"Watakuja?"

Sikujua. Mama hakuwa na mtoto mwingine, na kwetu siku kama ile watu wa mtoto hutazamwa. Niliwasubiri bila hofu wala hamu, kama mtu aliyekaa kwenye foleni ya benki.

Walikuja kwa basi la Kosta, wamevaa vizuri. Waliimba pambio, wakatoa rambirambi, wakaketi kwenye viti vya plastiki upande mmoja, peke yao. Majirani wakawatazama kama wageni wa serikali.

Wakati wa kutoa jeneza, dada mmoja kati yao akainuka. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mpole, ambaye chuoni nilimjua kama mpanga viti tu. Aliingia chumbani, akatoka amejifunga kanga ya mama, akajilaza kizingitini.

"Hapiti mtu," alisema. "Nimetembea toka Tabora, miguu imevimba, hata chai sijapewa. Na nyinyi Wazaramo mnaharakisha mkawahi ngoma."

"Mpagazi wewe, nani kakuita?" mjomba akamjibu. "Tua mzigo uondoke."

"Mzigo nitautua kwako, mzee. Unaonekana nawe u karibu."

Akina mama wakacheka huku wanalia. Mwenyekiti akasimama, uso umembadilika. "Dada, mpendwa, hili halifai."

"Kaa, kijana," mjomba alimwambia. "Huyo mtani. Yuko kazini."

Akaletewa jogoo. Akamkwapatia, akajivuta pembeni, jeneza likapita. Baadaye nilimwona akichota maji na kuwatukana shangazi zangu, nao wakimtukana. Mjomba alitembea amenyoosha mgongo. Nilijikagua nione kama machozi yanakuja. Hayakuja.

Alhamisi iliyofuata mwenyekiti alimtaka yule dada atubu mbele ya wapendwa kwa kuuaibisha ushirika.

"Nitubu nini?" aliuliza, akitazama sakafu. "Kwetu mtani akifiwa, hivyo ndivyo tunavyokwenda."

Nikasimama. Sikuwa nimewahi kusimama pale bila kuitwa. Nilieleza kwa mpangilio: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu, mtani humcheka mfiwa ili apumue, hafukuzwi, na hapewi pole bali haki yake, kama yule jogoo. "Angebaki kwenye kiti kama nyinyi," nilisema, "ningemzika mama nikiwa peke yangu."

Sauti yangu haikutetemeka. Ilikuwa kama nasoma tangazo.

Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo sisi tulikosea?"

"Hamkujua."

"Na sisi Wachaga ni watani zenu?"

"Hapana."

"Basi sisi tungefanya nini?"

"Mngepika," alidakia yule dada. "Mzee mzima umekaa kwenye kiti unapepewa."

Walicheka, na mwenyekiti pia. Kuhusu kutubu hakusema tena.

Arobaini ilipofika walikuja mapema, bila suti. Mwenyekiti aliingia uani na kusimama karibu na mafiga, hajui aanzie wapi. Bado nilikuwa sijalia. Nilimpa ndoo, nikamwonyesha bomba la jirani, nikamwambia asikae huko kupiga soga, maji yanahitajika.