Siku Thelathini za Kimya

Mimi ndiye karani wa ofisi ya baraza hapa kijijini, na barua ile ilikaa kwenye trei yangu. Kwa hiyo kabla sijamsema Raylene, nijiseme mwenyewe kwanza.

Raylene ni mtoto wa marehemu dada yangu. Sisi ni Wanuu-chah-nulth, wenyeji wa asili wa pwani ya magharibi ya kisiwa chetu, na katika ukoo wetu yeye ndiye wa kwanza kumaliza chuo kikuu. Serikali ilikuwa imetenga nafasi za kujifunza kazi kwa mwaka mmoja, za vijana wa mataifa yetu waliotoka chuoni, naye akapata moja katika ofisi ya misitu kule mji mkuu wa jimbo. Mama yangu, Philomena, akamfumia kofia ya gome la mwerezi.

"Ukivaa hii," akamwambia, "hawatasema hawakujua wewe ni wa nani."

Nami nikamchokoza, "Usije ukarudi unaongea kwa pua, ukatusahau."

"Mama mdogo nawe! Naenda kukaa kwenye meza wanapoamulia mambo ya msitu. Safari hii hawakati mti bila sisi kujua."

Maneno hayo nayakumbuka mpaka leo, na yananiuma.

Februari, Raylene akiwa ameshaanza kazi kule, kaka yetu Melvin alifariki. Hazikupita wiki mbili, mkewe akamfuata. Kwetu mtu akifa, kazi inalala. Ofisi inafungwa, bahasha hazifunguliwi, hakuna anayetia sahihi wala kubishana na mtu. Tunapika, tunakaa na wafiwa, tunachoma nguo za marehemu na chakula alichokipenda ili vimfikie aliko. Ukileta habari za biashara wakati huo umemtukana marehemu.

Sasa barua ya ile ofisi ya misitu ilifika siku moja kabla ya kumzika Melvin. Iliuliza kama tuna pingamizi kampuni ikikata miti kwenye bonde letu, na ikatupa siku thelathini. Misiba miwili ikala mwezi mzima. Niliporudi mezani siku zilikuwa zimekwisha, nami nikajipa moyo: aa, si Raylene yuko kule? Atawaambia tulikuwa msibani. Uvivu wangu niliupa jina la binti wa watu, basi!

Raylene alikuwa kule, na alikuwa hapa pia. Alikuja maziko yote mawili, akabeba sufuria za supu ya samaki mpaka mikono ikamwiva. Aliporudi kazini akapewa jedwali la kujaza, na safu ya mwisho ilitaka jibu la kila taifa. Letu halikuwepo. Utaratibu wa ofisi ulikuwa kwamba anayenyamaza amekubali. Sisi tunajua kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo hauna safu kwenye jedwali.

Alikaa nalo siku nzima. Alitaka kuandika kwamba watu walikuwa wanazika. Akaogopa wasije wakasema msichana huyu amekuja kuwapendelea wa kwao, na tayari walikuwa wameanza kumdokezea habari za ajira ya kudumu. Akaandika: Hakuna jibu. Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyotoa kibali.

Juni, utomvu unapopanda, ndipo mama yangu huenda bondeni kuvua gome. Mwaka huo alikuta tepe za rangi ya waridi zimefungwa kwenye miti ya kukatwa, na mashine zimeshaanza. Mierezi kumi na mmoja ilikuwa chini. Mmoja ulikuwa na kovu la gome alilovua bibi yake upande huu, na kovu la gome alilovua yeye mwenyewe upande wa pili. Alirudi bila gome, akaketi jikoni kwangu na koti lake, akasema, "Nipigie yule mtoto."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa.

"Raylene."

"Abee, Bibi."

"Nani aliwaambia tumekubali?"

"Bibi, hamkujibu."

"Tulikuwa tunazika, mwanangu. Ulikuwepo. Ulikuwa na sufuria mkononi."

Tukamsikia analia. Mama hakumbembeleza. Alikata simu mwenyewe.

Asubuhi Raylene alimpelekea msimamizi wake, mama mmoja aitwaye Glenda, karatasi ya ukurasa mmoja. Ilieleza msiba, barua, na nani aliyejaza jedwali.

"Hii unajiharibia mwenyewe," Glenda akamwambia. "Faili la kwenu hukutakiwa hata kuligusa."

"Najua. Andika na hilo."

Wiki ile ile kazi ya kukata miti ikasimamishwa, na mierezi iliyobaki imesimama mpaka leo. Agosti mwaka wake wa mafunzo ukaisha. Habari za ajira hakuna aliyezigusa tena.

Kwetu aibu haifichwi chini ya mkeka. Unaita watu, unaisema mbele yao, unawapa zawadi ili wawe mashahidi. Septemba tukajaza ukumbi. Raylene akasimama, kofia kaishika mkononi.

"Niliandika hakuna jibu," akasema, "na jibu nilikuwa nalo mimi."

Nikaenda nikasimama ubavuni mwake. "Na barua ilikuwa kwangu," nikasema. Tukagawa mataulo, machungwa na chupa za jamu.

Mama akanyanyuka.

"Nilikufundisha kuvua gome ukiwa na miaka sita. Kabla ya kuvua tunafanya nini?"

"Tunauomba mti, Bibi."

"Unajibu?"

"Haujibu."

"Basi kwa nini tunavua upana wa viganja viwili tu, tusiuvue wote?"

Raylene aliitazama ile kofia mkononi mwake.

"Kwa sababu haukujibu," akasema.

Akamnyooshea bibi yake ile kofia kwa mikono miwili, kumrudishia. Mama aliipokea, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake polepole. Kisha akamvika tena kichwani, akaikandamiza mpaka masikioni.

"Gome lake lilitoka kwenye ule mti wenye makovu mawili," akasema. "Hakuna jingine. Itunze."