Baba Hajui Kubonyeza

Maneno hayo aliyasema mdogo wangu wa kiume, yule anayefanya kazi Nairobi. Tulikuwa tukizungumza kwa video. Nilikuwa nimeegemeza simu yangu kwenye chupa ya chai ili aone jinsi Baba anavyojipima macho kwa kimashine alichotuletea, na yeye akawa anatoa maagizo kutoka huko kwake: shika hivi, geuza hivi, bonyeza, rudia. Matokeo yalipotoka tofauti na ya wiki iliyotangulia, alivuta pumzi kama mwalimu aliyechoshwa na darasa.

"Dada, tatizo si mashine," alisema. "Tatizo ni kwamba Baba hajui kubonyeza."

Baba alikuwa ameketi mbele ya simu hiyo hiyo. Alisikia. Akaiweka ile mashine mezani polepole, akajifuta mikono kwenye suruali kama mtu aliyekamatwa ameshika kitu cha wenyewe, kisha akatoka nje kwenda kuangalia mbuzi. Huyu ni mtu aliyeendesha trekta kwenye mashamba ya mkonge tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Trekta lina gia, lina breki mbili, lina jembe la nyuma la kuinua na kushusha huku ukitazama mbele. Trekta hilo ndilo lililomsomesha ndugu yangu mpaka akapata hiyo kazi ya ofisini. Leo anamwambia mzee wake kwamba hajui kubonyeza. Nilikasirika siku ile, na sijui kama nimewahi kupoa.

Mimi ndiye ninayekaa na Baba nyumbani kwetu Mbololo. Mama alifariki zamani, na mimi nilirudi nyumbani ndoa yangu ilipovunjika. Asubuhi nashuka Voi mjini, ambako nina kibanda cha kushona nguo karibu na soko, na jioni napanda. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemsikia Baba kwanza alipoanza kulalamika kwamba macho hayako sawa. Hakusema haoni. Alisema tu kwamba jioni inaingia mapema kuliko zamani.

Nilimpigia ndugu yangu nikamwambia nataka kumpeleka mzee hospitali apimwe. Akaniambia nisijisumbue kwenda kukaa kwenye foleni kutwa nzima. Anakuja Krismasi, na atakuja na kitu kitakachomaliza hiyo kazi hapo hapo nyumbani.

Kitu chenyewe kilikuwa kidude cheusi cha plastiki, kama darubini fupi ya kuchezea watoto. Upande mmoja kina mpira wa kuwekea jicho, upande wa pili kinabanwa kwenye kioo cha simu. Ukichungulia unaona mstari mwekundu na mstari wa kijani. Unabonyeza kitufe mistari isogeleane mpaka ilaliane na kuwa mstari mmoja wa manjano. Halafu unazungusha kidude, mistari inalala upande mwingine, unabonyeza tena. Ukimaliza jicho moja unahamia la pili, na simu inakupigia hesabu ya namba ya miwani unayohitaji.

Siku ile uani kwetu ilikuwa kama sherehe. Ndugu yangu alijipima wa kwanza ili kutuonyesha. Simu ikamwambia macho yake hayana neno, akatuzungushia kioo tuone. Mimi niliambiwa nahitaji miwani kidogo ya kusomea, jambo ambalo sindano yangu ilishaniambia. Baba alichukua muda mrefu, huku ndugu yangu amemshika bega akimwelekeza, wote wawili wakicheka. Namba zikatoka, zikatumwa kwa simu kwa kampuni yenye kidude, na baada ya wiki chache miwani ya Baba ikafika Voi kwenye ofisi ya vifurushi. Sitasema uongo, ilimsaidia kusoma. Jumapili ya kwanza aliyoivaa alisoma Biblia bila kuinyoosha mbali na uso, na alifurahi. Ndugu yangu aliporudi Nairobi alituachia kidude pamoja na simu yake ya zamani ili Baba awe anajipima mwenyewe.

Basi yakaanza mambo mengine. Baba alikuwa anagonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango, mlango aliouweka yeye mwenyewe. Akimimina chai, kikombe kikiwa upande wa kushoto, chai inaingia kwenye kitambaa cha meza. Siku moja, tukiwa tumesimama kando ya barabara, bodaboda ilitokea upande wake wa kushoto, naye akapiga hatua mbele kana kwamba barabara ni tupu. Nilimvuta kwa koti. Mwendeshaji akatutukana akaenda zake.

Nilimweleza ndugu yangu yote haya. Jibu lake lilikuwa lile lile: namba imebadilika, apimwe upya. Tukampima upya. Namba zikawa zinaruka, leo hivi, kesho vile, na simu ikawa inatoa maandishi ya Kiingereza kwamba matokeo hayalingani, tafadhali rudia. Baba akarudia. Nilikuwa nikiamka namkuta ameshaketi na kile kidude jichoni kabla hata ya kunywa chai, kama mtoto wa shule aliyepewa adhabu. Ndipo ikaja ile siku ya video, na yale maneno.

Baada ya hapo Baba alinyamaza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Hakulalamika tena. Ukimuuliza macho, anasema mazuri tu. Ndugu yangu akipiga simu, Baba anamwambia mistari imekutana vizuri. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa anabonyeza ovyo tu ili amalize, kwa sababu aliona aibu. Mtu mzima, nyumbani kwake, anaogopa kusema haoni kwa sababu ataambiwa amekosea mtihani.

Akaanguka. Jirani yetu alikuwa amechimba mtaro wa kupitisha bomba la maji, Baba akapita kando yake, akaingia mzima mzima. Hakuvunjika, lakini alichubuka uso na mkono. Nilipomuuliza kwani hakuuona mtaro mkubwa kiasi kile na mchanga umelundikwa juu, akasema haukuwepo. Hakusema hakuuona. Alisema haukuwepo. Kesho yake sikufungua kibanda. Nilimpeleka hospitali Voi bila kumwuliza mtu wa Nairobi.

Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Nilimpa simu aone zile namba zote. Alizitazama, akashukuru, akaiweka simu kando. Kisha akaketi mbele ya Baba, magoti yao yakikaribiana, akamfunika jicho la kulia na kumwambia amtazame puani bila kuhamisha jicho.

"Mzee, nimeinua vidole vingapi?" alimuuliza.

Baba alikaa kimya. Nilidhani anahesabu. Daktari akauliza tena, na Baba akajibu kwa adabu kwamba bado anasubiri ainue mkono. Mkono ulikuwa juu muda wote ule, upande wa kushoto, vidole vimenyooka, karibu kabisa na uso wake. Mimi nilikuwa nauona. Yeye alikuwa akisubiri.

Baada ya hapo alitiwa matone, akapimwa kwa mashine ya kupima presha ya jicho, akamulikwa ndani. Daktari akatueleza bila kuzungukazunguka. Baba alikuwa na presha ya macho, na presha hiyo ilikuwa imeua mshipa wa jicho la kushoto taratibu kuanzia pembeni kuja katikati. Kilichobaki katika jicho hilo ni kitundu kidogo cha mbele, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Jicho la kulia lilikuwa limeguswa lakini si sana.

Niliuliza kama ataona tena. Akasema, "Kilichoenda hakirudi, mama. Tutalinda kilichobaki."

Kisha akauliza kwa nini tulichelewa, nami nikamweleza habari ya kidude. Hakukidharau. Alisema vitu kama hivyo vinaweza kukadiria namba ya miwani, lakini vinamuuliza mtu kuhusu pale katikati tu, na katikati ya Baba ndiyo iliyokuwa imebaki. Havipimi presha, haviangalii nyuma ya jicho. Mtu anaweza kuona mistari yake miwili vizuri huku jicho linakufa kando kando, na mstari ukitoka kidogo tu nje ya kitundu kile, namba zinaruka. Akasema pia kwamba ugonjwa huu hufuata damu, na watoto wote wa mzee huyu lazima wapimwe. Mimi alinipima siku hiyo hiyo, akaniambia niko salama lakini niwe narudi.

Tulipotoka, Baba alikaa kwenye benchi la nje akisubiri macho yazoee jua. Halafu akasema, "Kumbe nilikuwa najua kubonyeza."

Jioni nilimpigia ndugu yangu. Nilimweleza yote. Akaanza kujitetea. Akasema kampuni haikudanganya mtu, kwamba kwenye ile programu imeandikwa wazi kuwa kipimo hiki si badala ya daktari. Nilikitafuta hicho kilichoandikwa wazi. Nilifungua ukurasa mmoja nikaingia mwingine, mpaka nikakikuta chini kabisa, kwa Kiingereza cha mawakili, maandishi madogo kama mchwa. Lakini kwenye picha ya mbele, yenye mzee wa mvi anayetabasamu kwenye kochi, herufi ni kubwa: pima macho bila kutoka nyumbani. Mwenye macho mabovu ndiye anayeandikiwa onyo kwa herufi asizoziona. Nilimuuliza ndugu yangu kama yeye alilisoma onyo hilo kabla ya kumletea Baba. Akarudia tu kwamba limeandikwa. Nilipomwambia naye aende akapimwe presha, akasema macho yake ni mazima, alijipima Krismasi tukamwona. Nilikata simu.

Pasaka alikuja. Hakuja mikono mitupu. Kumbe alikuwa amechukua uwakala wa vile vidude, na alikuwa ameshazungumza na wazee wa kanisa ili baada ya ibada wanaotaka wapimwe. Nilitoka kanisani nikakuta meza imewekwa kivulini na watu wamepanga mstari. Mbele ya mstari alikuwa bibi mmoja jirani yetu, akimweleza kwamba akitazama taa anaona duara la rangi limeizunguka, na kila kitu kina ukungu. Ndugu yangu akamwambia asijali, akamwekea kidude jichoni.

Sikupanga kusema. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Lakini nilienda mpaka pale mezani, nikamshika yule bibi mkono, nikawageukia waliokuwa kwenye mstari.

"Kidude hiki kinapima namba ya miwani," nilisema. "Hakipimi ugonjwa. Baba yangu amejipima nacho mpaka jicho lake la kushoto likaisha. Mwenye macho yanayomsumbua aende hospitali kwanza, hata akikaa foleni kutwa."

Ndugu yangu akasema kwa sauti ya chini kwamba ninamwaibisha. Mzee mmoja wa kanisa akaja kutuomba mambo ya nyumbani tuyapeleke nyumbani. Na Baba, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akasema nimwache kijana, alileta kwa nia njema. Hapo ndipo hasira ilinipanda hasa. Kila mtu alikuwa akihurumia nia ya ndugu yangu, na hakuna aliyelitaja jicho la mzee. Nia njema ningeipokea ingekuja na sikio. Mzee alisema haoni, mtoto akaangalia simu.

Mstari ulitawanyika. Yule bibi alishuka nami Voi wiki hiyo, ikaonekana ana mtoto wa jicho, akaandikiwa upasuaji, na sasa anaona.

Nyumbani jioni ile tulikula pamoja. Baba ndiye aliyeanza kusema. Hakupandisha sauti. Alimwambia ndugu yangu kwamba hatamkasirikia, lakini hatamruhusu arudi Nairobi kabla ya kushuka na mimi hospitali. Ndugu yangu akasema tena habari ya kujipima. Baba akasema, "Mimi nilijipima kuliko wewe." Mjadala ukaisha.

Tulienda. Daktari alikuwa yule yule. Ndugu yangu aliingia akiwa ameshika simu mkononi, akatoka akiwa ameshika karatasi ya dawa. Presha yake ilikuwa juu, macho yote mawili. Mshipa bado ulikuwa mzima. Daktari alimwambia amewahi, na kwamba akitia matone kila siku bila kuruka, huenda asipoteze chochote.

Kuhusu biashara yake, anasema vidude alivirudisha. Sijathibitisha. Ninachojua ni kwamba ile picha ya mzee kwenye kochi bado inanijia kwenye simu, na kila nikiiondoa inarudi.

Siku ile ya kupimwa kwake, tukiwa tumeketi kwenye lile benchi la nje, ndugu yangu alifungua kichupa cha matone akakigeuza geuza, akaniuliza Baba huwa anatiaje yake. Nilimwambia ainamishe kichwa nyuma. Nikamvuta kope ya chini, nikamtilia tone moja kila jicho, nikamwonyesha pa kukandamiza kwa kidole ili dawa isikimbie. Maji yakamtoka. Aliniuliza kama bado nimemkasirikia, nami nikamwambia ndiyo, na afumbe macho dawa iingie.