Sentimita Moja ya Wavu

Mimi ni fundi cherehani hapa Old Korogwe. Kwenye kamati ya mpira wa meza sikuingia kwa kuujua mchezo, niliingia kwa kuwa nina tepu. Walitaka mtu wa kukagua vifaa: raketi iwe na raba nyekundu upande mmoja na nyeusi upande wa pili, mpira usiwe na ufa, wavu uwe na kimo cha sentimita kumi na tano na robo. Tulikuwa watu watatu: mimi, katibu na mwenyekiti. Mwenyekiti ndiye pia kocha wa wachezaji wa Handeni. Nisimwonee, meza yenyewe ni yake, na gari la kuileta Korogwe alitafuta yeye.

Siku ya mchujo ilikuwa imebaki nafasi moja ya wanawake kwenye timu ya mkoa. Waliofika fainali ni wawili. Mmoja ni dada wa Handeni, anauza kwenye duka la dawa, anapiga kwa nguvu. Mwingine ni mama mkulima wa hoho kutoka Kwashemshi, yeye hurudisha tu mipira mpaka mwenzake achoke. Alishakosa nafasi hiyo mara mbili.

"Fundi, leo nisipopita basi tena," aliniambia. "Magoti yameshaniaga."

Nilipima wavu, nikasoma kumi na tano na robo, nikasema uko sawa. Dada alishinda seti tatu kwa mbili, ya mwisho kumi na moja kwa tisa. Wote wakasaini fomu.

Jumatatu nilikuwa nampima mteja kiuno cha sketi. Tepu yangu ilikatika ncha zamani, inaanzia kwenye moja. Dukani mkono umeshazoea, nikisoma sabini naandika sitini na tisa bila kufikiri. Nikaandika sitini na tisa, halafu nikabaki nimeshika kalamu. Kwenye wavu sikutoa ile moja. Mechi ilichezwa wavu ukiwa chini kwa sentimita moja.

"Mbona umenyamaza? Nimenenepa?" mteja akauliza.

"Hapana, dada. Ni mimi."

Wavu wa chini humpa nafuu anayepiga kwa nguvu, hivyo nimeambiwa. Lakini wote wawili walichezea wavu huohuo, na pengine mama angefungwa vilevile. Nimelipigia hesabu hilo nikashindwa. Niliiandikia kamati barua kwamba kosa ni langu na mechi irudiwe, nikampigia simu mama nikamweleza.

Alhamisi tukakaa. Mwenyekiti aliisoma barua kwa sauti, kisha akanitazama. "Fundi, wewe kazi yako kushona au kufumua?"

Katibu alicheka, lakini alipoulizwa akasema mechi irudiwe. Mwenyekiti akasema matokeo yabaki, fomu zilishasainiwa. Ikabaki kura yangu.

Nilisema haifai nihukumu kosa langu mwenyewe. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, na kusema kweli nilijiona nimetenda haki. Ndani kura zikawa moja kila upande. Kwa utaratibu wetu zikilingana, ya mwenyekiti ndiyo inayoamua. Jina la dada likapelekwa mkoani.

Kesho yake mama aliteremsha hoho zake sokoni, akapita dukani kwangu. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Kwa hiyo wewe ulitoka kwa sababu jambo linakuhusu."

"Ndiyo, mama."

"Na kocha wake je? Alitoka?"

"Hakutoka."

"Ulimwambia atoke?"

Nikasema hapana. Sikuwa nimelifikiria. Ndivyo nilivyomjibu, ingawa sasa sina hakika kama sikulifikiria au nilimwogopa.

"Mngetoka wote," akasema, "au mngebaki wote." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayenionyesha nilipokosea mshono. Akachukua kapu lake, akawahi gari la kurudi kwao.

Nilifunga cherehani nikaandika barua ya pili, kwamba kocha asipige kura juu ya mchezaji wake. Hiyo haimrudishii mama nafasi, na nilimwambia hivyo kwa simu ili asije akasubiri. Katibu ameipokea, akasaini. Itasomwa siku itakapowekwa kwenye ajenda, na ajenda hupangwa na mwenyekiti.