Barua Niliyoiandika Huku Najikuna

Kosa ni langu. Nalisema mwenyewe kabla mama yangu hajamaliza kulitangaza, maana hapa kijijini ameshamweleza kila mwenye masikio, na nadhani hata mbuzi wameshasikia.

Jina langu nalificha. Kijiji nacho nakificha. Jua tu kwamba ni huku juu, ukishapita Kasulu, ambako mwezi wa saba baridi ya asubuhi inakata masikio. Kama umenitambua, nyamaza. Nimeaibika vya kutosha!

Mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni, Elimu ya Watu Wazima. Miaka miwili nimekaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yakigusa kidevu, mpaka nikajua kusoma na kuandika kuliko watu wote wa tarafa hii. Haya, si wote. Tuseme kuliko jirani zangu. Unaona? Huo ndio ugonjwa wangu wa kuzaliwa: jambo likipita kinywani mwangu lazima linenepe. Nikisema nimekutana na nyoka mrefu kama nyumba, wenzangu wanacheka, wanapunguza wenyewe, wanabaki na nyoka wa kawaida. Hakuna anayeumia.

Safari hii ameumia mtu. Tena watu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, tunafyeka pori tupate shamba la pamoja. Jua lilipopanda nikavua koti langu nikalitundika kwenye kichaka. Koti lenyewe, ndugu yangu! Kafa ulaya, mtumba wa sufu, kahawia, zito, vifungo vyote vipo. Ndilo nililolivaa siku ya kupokea cheti. Nilikuwa nalivaa kisimani, mkutanoni, hata chooni.

Kile kichaka kilikuwa kimejaa upupu! Yale maganda makavu yenye manyoya ya rangi ya dhahabu, ukiyatikisa kidogo tu yanamwagika kama unga. Sikuona kitu. Jioni nikavaa koti langu nikarudi nyumbani, na kabla sijafika mlangoni shingo ilikuwa inawaka, mikono inawaka, kiuno kinawaka. Nilijikuna kwa kucha. Nikajikuna kwa gunzi. Nikajikuna kwenye nguzo ya nyumba mpaka mke wangu akasema, "Baba Neema, utaiangusha, na mvua zinakuja."

Tiba zikaanza. Mama akanipaka majivu, nikawa kama mzimu. Mke wangu akasonga ugali mgumu, ukipoa kidogo anaubiringisha mgongoni mwangu ili unase yale manyoya, na kweli ulinasa mengi, nikalala usingizi wa mtoto. Kesho yake mwasho ukarudi. Jirani akaleta mawese, nikapakwa mwili mzima, nikang'aa kama sahani. Mwasho ukarudi. Tukajaribu tope la kisimani. Mimi nikaongeza mafuta ya taa, hilo likiwa wazo langu la kisomi, na sitaki kulizungumza zaidi!

Kila dawa ilinituliza nusu siku. Kila asubuhi naamka nafuu, navaa koti langu kwa ajili ya baridi, na kabla ya saa nne najikuna tena kama nyani. Wewe umeshaelewa. Mimi, mwenye cheti, sikuelewa. Au nilielewa nikakataa kuelewa. Ndiyo, hilo la pili ndilo la kweli.

Nikaenda zahanati.

Mganga wetu alikuwa kijana kutoka mikoa ya kusini, serikali ndiyo iliyomleta. Alikuwa peke yake pale: anachoma sindano, anafunga vidonda, anapima watoto, na jioni anafagia. Alikuwa ameshajifunza kutusalimu kwa Kiha, "Mwakeye," ingawa aliitamka kama mtu anayeuliza bei. Mama yangu alikuwa na kidonda mguuni, cha miaka mingi, kilichowashinda wengi. Yule kijana alikuwa anakiosha na kukifunga kila Jumatatu na Ijumaa bila kukunja uso, na kilikuwa kimeanza kuziba. "Mama," anamwambia, "mguu huu mavuno haya utacheza ngoma." Mama alimpenda kuliko anavyonipenda mimi. Hapo sijanenepesha kitu.

Akaniangalia shingo, akaniuliza, "Nguo ulizovaa siku ile umezichemsha?"

"Zote, Bwana Mganga."

"Zote kabisa? Shuka, blanketi?"

"Zote! Nimezichemsha mpaka maji yameniomba msamaha!"

Foleni nzima ikacheka, naye akacheka. Lakini koti nilikuwa nimelificha nje, nimelikunja kwenye kikapu cha baiskeli, kwa sababu nilijua ataliulizia. Sufu ikichemshwa inarudi nguo ya mtoto, kila mtu anajua. Nikamdanganya mtu anayetaka kuniponya, kwa ajili ya vifungo!

Akanipa dawa nyeupe ya kupaka na vidonge vidogo vya kupunguza mwasho. Dawa ikikauka mwilini nafanana na ukuta uliopigwa chokaa. Nikamtania mbele ya watu, "Bwana Mganga, hii si maji ya chokaa?" Wakacheka tena. Nikaenda nyumbani, nikapaka, nikavaa koti.

Mara ya tatu niliporudi hakucheka. Akasema taratibu, "Kaka, dawa yangu haiwezi kushindana na kitu kinachokurudia kila siku. Kuna nguo hujanionyesha."

Mbele ya watu! Mimi, msomi, naambiwa mwongo kwenye foleni! Kwamba alikuwa anasema kweli ndilo lililoniuma zaidi. Nikatoka bila kuaga, nikafika nyumbani, nikatoa daftari.

Mkono wa kushoto unakuna, wa kulia unaandika. Niliandika kwa wakubwa wa wilaya kwamba mganga wetu anawapaka wananchi maji ya chokaa. Kwamba kijiji kizima kimebabuka ngozi. Kwamba wazee wawili wako mahututi. Kwamba dawa halisi zinatokea mlango wa nyuma, eti kwa kuwa siku moja nilimwona akimpa chupa mama mmoja pale nyuma, mama ambaye hakuwa na nguvu ya kusimama foleni. Nikamaliza, "Mimi Mwananchi Mwenye Uchungu." Nikaisoma mara mbili kwa sauti, nikafurahia mwandiko. Wallahi nilifurahia mwandiko! Nikampa dereva wa lori la maharage aipeleke.

Nilidhani wataisoma kama wenzangu wanavyonisikiliza, wapunguze, wabaki na mtu mmoja anayejikuna. Kumbe kule hakuna anayenijua. Kilichoandikwa kijiji kizima, kwao kilikuwa kijiji kizima.

Landrova ilikuja siku ya Ijumaa. Watu wakasema, "Jamani, huyu ni mganga mzuri, nani kababuka?" Wale mabwana wakajibu kwamba amri ni aondoke kwanza, uchunguzi utafuata. Mama alikuwa amefika kufungwa kidonda. Akamkuta kijana anafunga mlango, na sanduku lake limeshapakiwa.

Kijana akamketisha mama kwenye ngazi. Akafungua sanduku, akatoa bendeji, akamwosha mguu palepale nje huku wale wanapiga honi.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" mama akauliza.

"Nimeitwa, mama. Kuna barua inasema nimewaumiza watu wa hapa kwa dawa zangu."

"Barua ya nani?"

"Haina jina."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, nimeshika usukani wa baiskeli. Neno moja tu lilitakiwa. Moja! Mimi ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, siku ile nilitazama tairi.

Wiki ileile nilikwenda Rungwe Mpya kwa shemeji, siku mbili, na jua lilikuwa kali nikaliacha koti nyumbani. Mke wangu, aliyechoka kulala na mtu anayefurukuta, akalitumbukiza kwenye sufuria ya kuchemshia nguo. Niliporudi lilikuwa linaning'inia kwenye kamba, linamtosha Neema, na Neema ana miaka sita. Nilifoka mpaka kuku wakakimbia. Siku ya nne, mwasho kwisha. Nikawa mzima kabisa! Sijawahi kuuchukia uzima kama siku ile.

Nikawaita mke wangu na mama, nikawaeleza yote. Mke wangu akashika kichwa. Mama akautazama mguu wake, akauliza, "Kwenye hiyo barua uliutaja na mguu wangu?"

"Hapana, mama."

"Ungeutaja. Ungesema umekaribia kupona. Au hilo halikuwa tamu la kutosha?"

Nikaandika barua ya pili, yenye jina langu kamili. Kimya. Nikaenda mwenyewe wilayani. Karani akatoa faili, nikaiona barua yangu ya kwanza, chini ya "kijiji kizima" mtu amepiga mstari mwekundu. Akaisoma ya pili akaguna. "Mzee, ile ya kwanza ina nguvu. Hii umeiandika kinyonge, itaonekana umelazimishwa." Nikamwapia kwa kila kitu. Akasema itaambatishwa.

Nikaambiwa mganga yuko upande wa Kibondo, zahanati moja kwenye njia ya Kakonko. Nikapanda lori. Nikamkuta stoo anapanga maboksi, maana haruhusiwi kugusa mgonjwa mpaka uchunguzi uishe. Nikaanza hotuba niliyoitunga njia nzima. Akanikatiza.

"Niliijua siku ileile waliponisomea. Maji ya chokaa ulishayasema kwenye foleni."

"Sasa kwa nini hukunitaja, Bwana Mganga?"

"Ulikuwa mgonjwa wangu." Akaweka boksi jingine juu. "Uliacha kujikuna?"

"Niliacha."

"Lilikuwa koti?"

"Lilikuwa koti."

Akatikisa kichwa. Nikadhani atacheka. Akaulizia mguu wa mama. Hapo ningeweza kumpa moyo, na maneno yalikuwa yameshajipanga ulimini. Nikasema kweli: umefumuka tena, na unanuka. Akanipa mgongo, akaendelea na maboksi. Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza.

Basi ninyi wenzangu, hasa mliojifunza kuandika ukubwani na mikono bado inawasha kutaka kalamu, msinifuate! Upupu ukikuingia, usioge kwa kusugua, usijipake mafuta ya taa, chemsha kila ulichovaa hata kiwe cha harusi. Mganga akikuuliza, mjibu. Akikuuliza mara ya nne, mjibu mara ya nne. Na ukiwa na hasira na mtu, mwendee umwambie usoni, ambako anaweza kukujibu. Nimeitoa barua moja kwa siku moja, na kuirudisha nimeshindwa hadi leo.

Zahanati yetu bado ina kufuli. Iliyo karibu iko maili tisa, milima mitupu, na kila Ijumaa nampeleka mama kwa baiskeli. Kwenye mpando nateremka, nasukuma, jasho linanitoka puani. Juzi nikamwomba, "Mama, teremka kidogo tu, nipumue."

Akasema atateremka siku mganga wake akirudi.