Aliyejua Siku ya Mvua

Ukitaka kujua Generoza Mayala alianzia wapi, usianzie kwenye kompyuta. Anzia kwenye mgongo wa mama yake. Mwaka ule mvua za kwanza zilidanganya. Zilinyesha siku mbili, watu wa Zagayu wakatoka mbio na mbegu za pamba, miche ikachomoza, halafu jua likawaka mpaka ikakauka yote. Mama Mektilda, mjane ambaye hakuwa na msaidizi shambani, akainama kulipanda shamba lile lile mara ya pili. Alipomaliza hakuweza kunyooka. Generoza alimkuta amekaa kwenye tuta, anacheka kwa aibu, anasema mgongo umegoma kidogo tu, kesho utakuwa sawa. Haukuwa sawa. Tangu siku ile anatembea amekunjika kama mtu aliyedondosha sindano.

Generoza akaapa kwamba mama yake hatapanda mara mbili tena. Hicho ndicho kiapo kilichomponza.

Wakati huo alikuwa fundi wa simu na printa mjini Bariadi, kwenye kibanda cha bati karibu na stendi. Alikuwa mwanamke pekee kwenye mstari ule wa mafundi, kwa hiyo kila mteja mpya alimuuliza fundi yuko wapi. Naye alikuwa na jibu lake: fundi ameenda kunywa chai, niachie simu mimi mke wake. Chuo cha ufundi alikisoma Mwanza, akafaulu, ajira ikampita hivi hivi anaiona. Akasema potelea mbali, mikono ninayo.

Redio ilitangaza hali ya hewa kila jioni, lakini redio ilisemea Kanda ya Ziwa nzima, na kanda hiyo si uwanja wa mpira. Mvua inaweza kunyesha Malampaka mpaka reli ikalowa chapachapa, huku Zagayu vumbi linapepea. Generoza alitaka utabiri wa Zagayu. Mtandaoni akawakuta watu wa mbali wanaozipiga hesabu za upepo, joto na unyevu majumbani mwao. Shida ni kwamba hesabu zile ni nzito. Kompyuta moja ya kawaida ikizibeba peke yake, mvua inafika kabla ya jibu.

Dawa yake ilikuwa kuziunganisha nyingi. Kuna kompyuta ndogo zinazouzwa bei nafuu, hazina kasha wala kioo, kila moja ni kibao kimoja cha saketi unachoweza kukificha kiganjani. Alizinunua zilizotumika, moja moja, zikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam zimefungwa kwenye magazeti. Mbili zilifika zimekufa, akazifufua. Akazipigilia misumari midogo kwenye ubao wa kitanda kilichovunjika, akaziunganisha kwa nyaya za mtandao, akazipulizia feni aliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu ya ofisi fulani. Zilipotimia nane, akazibeba kwenye kapu la kuku mpaka Zagayu, akaziweka chumba cha nyuma cha mama yake, palipowekwa magunia ya mahindi. Mjini mwenye nyumba alishalalamikia umeme, na vipimo vya mvua na joto alivyovitega Generoza vilikuwa huko huko kijijini, juu ya mlingoti nyuma ya zizi.

Mama yake alipouliza vinafanyaje kazi, alimweleza kwa lugha ya shamba. Ni kama kikundi cha kulima, mayu, mama yangu. Kibao cha kwanza ni nyampara, anagawa matuta. Kila mmoja analima kipande chake cha nchi na anga, akifika mpakani anamwambia jirani yake upepo gani unakuja. Wakimaliza, nyampara anakusanya. Mama Mektilda alitikisa kichwa taratibu, akasema amesikia. Sasa niambie wewe unayesikiliza, hapo uchawi uko wapi?

Msimu mzima wa masika ile mashine ilikuwa inajifunza na Generoza anaisahihisha, kila Jumamosi na Jumapili anapanda pikipiki kwenda kijijini. Ilikosea, ikakosea, ikaanza kupatia. Akafunga kibanda mjini, akahamia kwa mama yake. Waliomcheka walicheka.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikashuka, siku mbili mfululizo, nzuri, ya kunukia. Kijiji kizima kikatoka na mbegu. Mashine ikasema hapana: hii itakatika, na nyingine haiji mpaka Desemba iingie ndani. Generoza akamwambia mama yake asipande. Mama Mektilda hakubisha hata kidogo. Aliziacha mbegu ndani ya gunia, na Jumatano kwenye sala ya jumuiya akawaambia wenzake kwamba binti yake amesema mvua itakwenda, itarudi Desemba. Wawili watatu walisikiliza. Wengine, akiwemo Salu, jirani na rafiki yake tangu ujana, walisema tusidanganyane, ardhi imelowa, tunapanda.

Mvua ikakatika siku ya pili yake, kana kwamba imeamriwa.

Hapo Generoza alifurahi, na ndipo alipokuwa mjinga. Alitembea na furaha yake mpaka kisimani, akijua watu watakuja kumuuliza namna ya kupanda mwakani. Jua likakaza. Miche ya Salu ikajikunja, ya baba yake mdogo Bujiku ikajikunja, na shamba la Mama Mektilda likabaki jeusi na tulivu, mbegu zake zote salama ndani. Watu walipita njiani, wakaliangalia shamba lile, wakaiangalia nyumba. Hakuna aliyekuja kuuliza chochote.

Aliyeacha kusalimia kwanza ni Salu. Alipita asubuhi mbele ya mlango, Mama Mektilda akamwitikia kabla hajasema, kama walivyozoeana, na Salu akaenda zake. Kesho yake wengine. Kabla wiki haijaisha neno lilikuwa limezunguka kwamba Generoza ameifunga mvua, na nyumba ikatengwa. Wanaotengwa kule hawapigwi, hawatukanwi. Hawapewi moto, hawaitwi msibani, foleni ya pampu ya maji haiwatambui, na wakifa watafute wa kuwazika. Generoza aliweza kuvumilia, alishazoea kudharauliwa na wateja. Mama yake ni mtu wa watu. Mama yake anasalimia hata mbuzi.

Desemba ilishaingia ndani walipoitwa kwenye baraza ya sungusungu, walinzi wa kijiji, uani kwa Bujiku. Bujiku alikuwa mdogo wa marehemu Mzee Mayala, kwa hiyo ni baba mdogo wa Generoza, na ndiye aliyewaongoza sungusungu wa kijiji. Si mtu mbaya. Ni yeye aliyebeba jeneza la Mzee Mayala mbele. Alimruhusu aeleze yote, na Generoza akaeleza: vibao, nyampara, matuta, upepo. Aliwaalika waje waone. Alisema yeye anahesabu tu, kama anayeona vumbi mbali akajua ng'ombe wanakuja.

Bujiku alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira, "Mwanangu, mimi nimekamata wezi wa ng'ombe maisha yangu yote. Ng'ombe wako akipotea, mtu akaja kukwambia ng'ombe huyo atarudi Desemba, utamshukuru au utamkamata?"

Watu waliguna kwa kukubali. Na Generoza, aliyekuwa na jibu kwa kila mteja wa Bariadi, akajikuta naye anaitikia kwa kichwa. Kwa sababu kwa ng'ombe ni kweli. Ndivyo walivyowakamata wezi miaka yote, na hawakuwahi kukosea sana. Aliyejua siku ya kurudi ndiye aliyekuwa na kamba mkononi.

Hukumu ilikuwa nyepesi, waliona wanamhurumia. Akifungue kile kitu mbele ya watu, kipande kwa kipande, akivunje, nyumba irudishwe kundini. Asipotaka, mpaka Jumapili, mama na binti watafute kijiji kingine.

Asubuhi ile ile mashine ilikuwa imesema Alhamisi. Mvua kubwa, Alhamisi. Generoza aliondoka barazani akiwa ameificha Alhamisi yake moyoni kama pesa ya wizi, maana akiitamka ameshajikamata mwenyewe. Lakini pia aliona njia. Akikaa kimya tu, asiguse waya hata mmoja, mvua itanyesha Alhamisi mashine ikiwa inawaka, feni inazunguka, vibao vyote vizima. Watu wataona kwa macho yao kwamba mvua haikufungwa na mtu. Hakutakiwa kufanya lolote zaidi ya kusubiri. Miaka ya akili na vidole vyake, na shukrani ya punda aliyoipata, vyote vingelipwa kwa kukaa tu.

Jumatano Mama Mektilda alikwenda pampuni na ndoo. Alikaa huko mpaka jua likawa kali. Alirudi na ndoo tupu, akaiweka chini taratibu, akasema pampu leo ina watu wengi. Kisha akachukua kitambaa akawa anafuta meza iliyokuwa safi. Generoza aliangalia ule mgongo uliokunjika, alioapa kwa ajili yake, na Alhamisi ikamtoka moyoni. Mama huyu hakuwa na siku moja zaidi ya kusubiri.

Alasiri alikibeba chumba cha nyuma chote kikaja uani. Watu walikusanyika, Bujiku akasimama karibu, Salu nyuma kabisa na mtandio mdomoni. Generoza akaanza na nyaya. Akaja feni. Halafu akavibandua vibao kimoja kimoja kwa bisibisi, na kwa kuwa walitaka vivunjwe, akavivunja kwa jiwe la kusagia, yeye mwenyewe, hakumpa mtu. Nyampara alimweka wa mwisho. Alilia waziwazi, na watu wakayachukulia machozi yale kuwa ya toba.

Alhamisi mchana mvua ikashuka.

Ilinyesha ile ya kujaza mitaro, na Zagayu ikapiga vigelegele. Watoto walikimbia uchi. Bujiku alikuja analowa, akamshika Generoza mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia yamekwisha, wewe ni mtoto wetu. Salu alileta maziwa kwenye kibuyu, akakaa na Mama Mektilda barazani wamegusana mabega, wakicheka kicheko chao cha ujana. Hakuna aliyemsema vibaya Generoza. Walimsamehe. Hakuwa na cha kuwaonyesha sasa. Ushahidi wote aliuponda mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Alibaki na mtu mmoja. Alijiambia hivyo alipolala na alipoamka: dunia nzima iseme itakavyo, mama anajua. Mama ndiye aliyeziacha mbegu gunia zima kwa neno langu, kijiji kizima kikipanda. Mama aliniamini.

Ijumaa wakaenda shambani, ardhi laini. Generoza alichimba mashimo, mama yake akifuata nyuma anadondosha mbegu, akisalimiana na kila anayepita. Katikati ya shamba Mama Mektilda alisimama kupumua, akaweka mkono kiunoni, akamtazama bintiye kwa upendo mwingi.

"Wabeja, mwanangu," alimshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana kwa kuiachia."

Generoza alidhani hakusikia vizuri. Akauliza kuiachia nini.

"Mvua. Mimi nilijua tangu mwanzo. Kwani ulifikiri kwa nini sikupanda? Nani atapanda, na mwenye mvua analala nyumbani kwake?" Alidondosha mbegu, akaifukia kwa kidole cha mguu. "Waliniuliza pampuni, kila siku, kama umeifunga wewe. Sikukiri. Waache waninyime maji, nilisema, huyu nimemzaa mimi."

Generoza alifungua mdomo. Alikuwa na maneno yote tayari, ya vibao, ya matuta, ya upepo unaopokezana mpakani. Akauona uso wa mama yake ulivyotulia, uso wa mtu aliyebeba mzigo mzito kwa ajili ya mwanawe na sasa ameutua.

"Sitarudia, mayu," akasema, akainama kuchimba shimo linalofuata.