Mikuyu ya Gatete na Matope ya Kabonga

Asubuhi mnyapara wa ufyekaji alipopaka mkuyu mkubwa wa chemchemi ya Gatete chokaa ya alama ya kukatwa, nilimwagia mtungi mzima wa maji miguuni. Alikuwa na viatu vipya vya kutoka bomani. Wanawake waliokuwa wakingoja zamu ya kuteka wakaangua kicheko, naye akaruka kama jogoo aliyelowa.

"We mama Zena! Unamwaga maji mbele ya kazi ya serikali?"

"Shukuru yalikuwa safi," nikamwambia. "Ukishakata hii miti nitakumwagia matope."

Hakunipiga, maana mwanangu Zena alikuwa mgongoni kwangu akilia. Akafuta kiatu kimoja kwa majani, halafu akasema maneno yaliyonitoa kwetu Rumonge: "Nenda Kabonga ukaulize. Kule tulifyeka zamani, mbung'o hakuna hata mmoja, watu wanakula ndagala mpaka wanazichoka. Wewe na shule yako mtabaki hapa mnabishana na miti."

Basi nikaenda.

Kabla sijaanza safari niseme jambo, nisije nikaeleweka vibaya. Baba yangu alikufa kwa malale. Nilimwona akilala na tonge mdomoni, mtu aliyewahi kupiga kasia toka Ujiji bila kupumzika. Kwa hiyo Bwana wa dawa aliposema mbung'o hupenda kivuli cha kando ya maji, na kwamba vichaka vya ufukweni vifyekwe, nilikuwa wa kwanza kusema vifyekwe. Lakini amri ilisema vichaka vya ufukweni. Chemchemi ya Gatete iko juu, mbali na ufuko, na mikuyu yake ndiyo inayoshika ule ukingo wa udongo. Kijito chake ndicho tunachokunywa, na kinashuka mpaka pale kwenye changarawe tunapoanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mnyapara alikuwa akikifuata kwenda juu kwa sababu huko juu ndiko kwenye magogo mazuri.

Na wanaume wetu walikuwa wakimshangilia. Hilo ndilo lililoniuma. Mnajua wenyewe, ndagala hazivuliwi usiku bila moto mtumbwini wa kuzivuta, na moto ni kuni, na kuni zilikuwa zinatafutwa mbali. Sasa kuni zimelala chini, za bure. Mume wangu Hamisi alirudi nyumbani akicheka: "Mama Zena, mwaka huu tutawasha ziwa lote!"

Rumonge. Mjomba wangu Shabani alikuwa anapeleka mawese kusini, akakubali kunichukua pamoja na mtoto. Hamisi alikuja ufukweni, akasimama mikono nyuma.

"Unakwenda kumtembelea shangazi yako wa Kabonga ao unakwenda kutafuta maneno?"

"Vyote viwili."

"Basi usirudi na maneno mengi. Nyumba ni ndogo."

Tulisukuma mtumbwi. Maji ya pwani yetu siku ile yalikuwa meupe, unaona changarawe chini na samaki wakipita juu yake.

Mchana tulishuka katika kijiji ambacho mjomba hupikia kila safari. Hakukuwa na mtu. Watu walikuwa wamehamishwa milimani ili wasiumwe na mbung'o, na nyumba zikachomwa ili wasirudi. Michikichi ilikuwa imekatwa ikiwa na mikungu yake, chikichi zimeozea humo humo. Tulikuta mafiga matatu, na kinu kimepasuka. Mjomba alikaa juu ya kile kinu, hakutaka kula.

"Hapa nilikuwa ninanunua mawese," alisema. "Wale watu wa pwani huko juu kwenye baridi watalima nini? Hata jembe la udongo ule hawalijui."

"Watu wangapi wamerudi, mjomba?"

"Wanaorudi wanarudi kuzikwa. Nyonyesha mutoto, tuondoke."

Siku ya pili, tulipopita Nyanza, rangi ya ziwa ilibadilika. Sikuamini macho yangu. Kulikuwa na mstari kabisa: huku buluu, huku rangi ya uji wa mtama. Mjomba alitumbukiza kasia lake, na bapa lake likapotea machoni kabla halijazama lote. Nikauliza kama ilinyesha mvua kubwa.

"Haijanyesha," akajibu. "Hii ni ya siku zote sasa."

Kabonga, alasiri. Shangazi Mwajuma, dada wa marehemu baba yangu, alikuja kunipokea akikanyaga tope hadi vifundoni, pale pale ambapo nilipokuwa mdogo tulikuwa tunacheza juu ya changarawe. "Amahoro, mwanangu, amahoro," akasema, akamchukua Zena, akamnusa kichwani muda mrefu. Alikuwa amevaa kaniki kama mfiwa. Sikujua kwa nini, na niliogopa kuuliza.

Aliniandalia ugali na ndagala kidogo sana. Nilipotafuna, mchanga ulilia kwenye meno. Shangazi akaona.

"Tafuna hivyo hivyo. Hapa ndagala inakaangwa na udongo wake. Wachuuzi wa milimani wanaonja, wanatema, wanakwenda zao."

"Mnyapara ametuambia mnakula mpaka mnachoka."

"Msimu wa kwanza, kweli! Wee, usicheke. Tuliimba. Kuni kila mahali! Vijana walipomaliza kukata ufukweni, nani aliwaambia wapande juu? Hakuna mzungu aliyewaambia. Mnyapara alinyoosha kidole tu, wao wenyewe wakapanda, wakakata mpaka kwenye jicho la mto. Na mimi niliwapelekea chakula." Akapiga mapaja yake. "Halafu mvua ikaja. Kilima kikashuka chote kuja kukaa hapa tulipokaa sisi."

Nikauliza habari za Juma, mwanawe, ambaye tulinyonya naye ziwa moja.

Zena alikuwa akivuta ushanga wake; shangazi akaufungua ule mkono mdogo. Kisha akasema, "Moto hauingii ndani ya matope. Unawasha kuni zote unazotaka, ndagala hawauoni. Kwa hiyo wakawa wanakwenda mbali, kule maji yaliko meusi, ambako mtumbwi wa mti mmoja haukutengenezewa. Juma alikwenda na kuni nyingi. Moto wake tuliuona, mbali kabisa. Halafu hatukuuona."

Hakulia yeye. Nililia mimi, na hasira yangu yote ya njiani ikakosa pa kukaa.

Asubuhi alinipeleka juu kulikokuwa na chemchemi yao. Hapakuwa na chemchemi. Palikuwa na mfereji mwekundu ulioliwa pande zote mbili, na chini yake dimbwi ambalo wanawake walikuwa wanachota kwa kata, wanangoja maji yatulie, wanachota tena. Mtoto mmoja wa jirani alikuwa amelazwa kandoni, tumbo limemshika tangu juzi. Na penye visiki, jamani, pameota kichaka kipya, kifupi, kizito, hata mbuzi hapiti. Kivuli kizuri kuliko cha mikuyu. Nikiwa nimesimama hapo, mbung'o akatua mguuni kwa Zena. Nilimpiga, akapasuka, damu ikabaki pale kwenye goti la mwanangu.

"Mbung'o hakuna hata mmoja," shangazi akasema, akiigiza sauti ya mnyapara. Tukacheka kidogo, kicheko kibaya.

Safari ya kurudi sina mengi ya kusimulia. Upepo ulikuwa wa mbele, Zena alipata homa, nami nilihesabu pumzi zake badala ya kutazama ziwa. Homa ilishuka kabla hatujafika, namshukuru Mungu, ingawa mpaka leo nikimwona amesinzia mchana huwa namwamsha.

Rumonge tena. Sikwenda nyumbani, nilikwenda Gatete. Mkuyu mkubwa ulikuwa chini. Mingine ilikuwa bado imesimama na chokaa yake. Kijito kilikuwa na rangi ya chai. Na ufukweni, ndani ya mtumbwi wa mume wangu, kuni zilikuwa zimepangwa vizuri, bado mbichi, zinatoa utomvu.

"Kama nisingechukua mimi angechukua mwingine," Hamisi alisema.

"Juma amekufa," nikamwambia. Nikamweleza jinsi alivyokufa, yote, hadi moto uliozimika. Alikaa chini kwenye mchanga. Baadaye akaanza kutoa kuni mtumbwini, moja moja, bila kujua azipeleke wapi.

Usumbura. Nilikwenda kwa miguu na wachuuzi wa samaki, tukilala Magara, mtoto mgongoni. Bomani karani alinitazama toka kichwani hadi kwenye vumbi la miguu.

"Mashitaka yanaletwa na mume."

"Mume ni mmoja wa wanaoshitakiwa."

"Nani amekuandikia?"

"Misheni walinifundisha miaka mingi, bwana. Pokea."

Akapokea. Haya ndiyo aliyoyapokea:

Kwa Bwana Mkubwa wa Boma. Mimi mama Zena wa Rumonge nashitaki. Mnyapara wa ufyekaji amepita mpaka wa amri, amekata mti wa chemchemi ya Gatete na ametia alama mingine. Nawashitaki pia wanaume wa Rumonge waliobeba kuni zake, mume wangu akiwemo. Nimekwenda Kabonga na nimeona kwa macho: chemchemi imekufa, watoto wanaugua kwa maji, wavuvi wanafuata ndagala mbali na hawarudi, na mbung'o wamerudi. Naomba mikuyu iliyobaki isikatwe, na waliohamishwa milimani warudishiwe pwani yao. Juma mwana wa Mwajuma wa Kabonga hawezi kurudishwa, kwa hiyo simwombi. Namwandika tu ili jina lake liwe humu bomani. Baba yangu alikufa kwa malale, basi usinijibu kwamba sijui ubaya wa mbung'o. Nijibu kwa maandishi. Nasoma mwenyewe.