Droo ya Kijiji Kilichohama

Juzi binti yangu, muuguzi wa zahanati huko Ntalikwa, alinieleza kwamba wameletewa kompyuta na sasa wanabishana iendeshwe na mfumo upi. "Mama, mimi naona yote sawa. Si kuandika majina ya wagonjwa tu?" Nilimjibu sijui mambo hayo, na kweli sijui, niliishia darasa la saba. Lakini chai ilinipoa mkononi.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa karani wa kadi katika hospitali moja Tabora. Tulikuwa wawili. Mwenzangu, mzee wa mjini aliyeshona kofia saa za mapumziko, alizipanga kadi kwa namba, na kila mgonjwa alipewa kibati chenye namba yake. Tabu ni kwamba watu waliazimana vibati kama chumvi. Mke mwenza akiumwa, anakuja na cha mwenzie. Nikashauri tupange kwa vijiji, kila kijiji na droo yake.

"Shikamoo mzee. Kibati kinapotea, kijiji hakipotei."

"Marahaba. Mtu wa Nzega wewe," akacheka, "unadhani kadi ni ng'ombe, jioni zinajua zizi lao? Namba haihami, mwanangu."

"Na watu nao hawahami, mzee. Wana makaburi yao kule."

Mganga mkuu akanikubalia. Niseme haki: mwanzoni mpango ulikwenda vizuri, hata mzee alikiri.

Kisha malori ya serikali yakaja. Watu waliotawanyika porini upande wa Usinge walikusanywa katika kijiji kimoja kikubwa, kikapewa jina jipya. Sisemi yote yalikuwa mabaya; wapo waliopata shule na kisima. Mimi nikatenga droo mpya, nikabandika jina jipya, na kadi za zamani nikaziacha zilipo nikingoja nafasi ya kuzihamisha. Nafasi haikupatikana, au sikuitafuta. Hapo sina hakika.

Asubuhi moja akaletwa mama mmoja, homa ya mapafu imemkaba, hawezi kusema. Aliyemleta ni shemeji yake, mdogo wa mumewe. Nikamuuliza kijiji. Akataja lile jina jipya kwa sauti, kama walivyofundishwa. Kule waliambiwa majina ya zamani yamekufa. Nikavuta droo mpya. Jina la mama halimo. Nikamwambia muuguzi, "Huyu mgeni, hana kadi."

Akachomwa penisilini. Nusu saa haikupita, akafariki.

Adhuhuri niliikuta kadi yake kwenye droo ya kijiji cha zamani. Ilikuwa na mstari mwekundu, na chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe: asichomwe penisilini. Mganga alisema huenda mapafu yangemuua hata hivyo. Huenda. Mzee alinisogezea kiti.

Shemeji alikuwa barazani akingoja gari la kumrudisha marehemu. Nikamwambia kadi ilikuwepo.

"Wapi, dada?"

"Kwenye kijiji chenu cha zamani."

Akainama. "Basi ni mimi. Ningetaja lile la zamani..."

Ilinipasa kusema hapana papo hapo, kwamba mpango ule niliuchagua mimi. Nikawa natafuta maneno. Nilipoyapata, gari lilikuwa limefika, naye yuko nyuma amempakata marehemu kichwa. Niliyasema. Injini ilikuwa inanguruma. Sijui kama alisikia.

Majuma mengi mimi na mzee tuliandika namba juu ya kila kadi. Vibati viliendelea kuazimwa, kwa hiyo sitasema namba zilimaliza tabu.

Jana nilimpigia binti yangu simu. "Kabla hamjachagua, ulizeni: mgonjwa akihama, habari zake zitamfuata au zitabaki?"

"Mama nawe! Watu wa hapa waende wapi? Hawahami hawa."

Yalikuwa maneno yangu yale yale kwa mzee. Hata sauti ilikuwa yangu.